Kabla Sufuria Haijaepuliwa

Watu wa nyumba ile walikuwa na desturi yao ya Krismasi, na ukiwakuta kwa mara ya kwanza ungedhani wamerukwa na akili. Nyama ikishabandikwa, kila mtu mzima anasimulia kisa kimoja cha marehemu mmoja wa ukoo. Si kisa cha kuliza watu, la. Ni kisa cha kuchekesha, cha ulafi, cha aibu, cha mtu alivyotumbukia mtaroni na suti yake ya harusi. Wanasimulia kwa zamu, mkubwa akitangulia, mpaka sufuria iepuliwe. Ikishaepuliwa, basi, midomo inahamia kwenye kula, na marehemu wanaachwa wapumzike mpaka mwaka mwingine. Kama zamu yako haikufika, pole yako, utasubiri. Aliyeanzisha mambo haya ni mama mkwe wa Mama Uji, ambaye siku hizi na yeye ni wa kusimuliwa.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, aliyeanza kusimulia hakatizwi, hata awe anasema uongo mtupu. La pili ndilo zito: aliye hai hasimuliwi. Ukimsimulia aliye hai, umemzika kwa mdomo wako. Inasemekana mlevi mmoja wa ukoo aliwahi kujisahau, akatoa kisa cha shangazi yake aliyekuwa amekaa palepale anamenya vitunguu, na Pasaka haikumkuta yule mama. Labda ni kweli, labda shangazi alikuwa na presha yake ya siku zote. Lakini nani angethubutu kujaribu tena?

Sasa tuje kwa Mama Uji mwenyewe. Jina hilo alipewa hospitalini, alikokuwa mpishi mkuu, kwa sababu uji wake ulikuwa unawanyanyua hata wagonjwa waliokwisha kuagana na ndugu zao. Mwanamke wa shoka, sauti yake inasikika kutoka jikoni mpaka wodi ya wazazi. Mumewe alikuwa amekwisha kufa. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, wa kiume, fundi umeme, na huyo alivuka mpaka miaka minne iliyopita kwenda kutafuta kazi. Alipiga simu mara chache, akasema amepata kibarua cha kusimika nguzo, kisha simu yake ikawa haipatikani. Mpaka leo haipatikani. Wenzake aliofuatana nao walirudi, na kila mmoja alikuwa na lake: huyu anasema waliachana stendi, yule anasema walimwacha kambini ana homa. Mama Uji aliwasikiliza wote wawili, akawapa chai, na walipotoka akasema ni waongo.

Tangu hapo mwanawe hakutajwa. Sharti la mama mkwe lilikuwa la Krismasi tu, lakini Mama Uji alilivuta likafunika mwaka mzima. Mtu akisema tu, unakumbuka yule bwana alivyokuwa hapendi soksi, alikuwa anakatwa palepale. Huyo yuko, anasema Mama Uji, akirudi atajisimulia mwenyewe. Watu wakajifunza kunyamaza. Picha zikaingia sandukuni, kwa sababu picha nazo huleta maneno.

Jambo ambalo nyumbani hawakulijua ni hili. Kila alipoletwa hospitalini kijana asiyejulikana, mhudumu wa chumba cha maiti, mzee waliyefanya naye kazi miaka mingi, alikuwa anakuja mpaka mlango wa jiko na kukohoa. Mama Uji anafuta mikono kwenye aproni, anamfuata. Shuka inafunuliwa, anatazama, anasema si yeye. Anarudi kukoroga uji wake akimshukuru Mungu, halafu anaona haya, maana ameshukuru juu ya mwili wa mtoto wa mwenzake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alikuwa anaujua kwa ajili ya wanawake asiowafahamu hata sura. Na bado mchana wote alikuwa anasema yuko, yuko, atarudi. Hivi mtu unaishije hivyo? Aliishi hivyo.

Mkesha wa Krismasi hiyo, mkwe wake, mke wa yule mwanawe, alizima cherehani, akakunja kitambaa, akaja kukaa karibu naye. Huyu mkwe alikuwa fundi wa nguo, mpole, mchapakazi, wala hakuwahi kumjibu mama mkwe kwa ubaya. Alikuwa anaishi humohumo na binti yake ambaye wote walimwita Chiriku kwa kuwa alikuwa hachoki kuongea. Baba alipoondoka, Chiriku alikuwa hata hajaachishwa ziwa. Mwezi unaofuata angeanza darasa la kwanza.

Mkwe alisema kesho zamu yake ikifika atamsimulia mume wake.

Mama Uji alidhani hakusikia vizuri. Akamwambia arudie. Mkwe akarudia, sauti ileile, mikono mapajani. Hapo Mama Uji aliwaka. Alisema maneno ambayo mtu mzima hapaswi kuyasema: kwamba kumbe ameshapata bwana, kwamba anataka kumfukia mtoto wa watu ili atandike kitanda upya, kwamba kama njaa ya mwanaume imemshika aseme tu. Mkwe aliyasikiliza yote. Hakulia. Akasema hana bwana, na hata angetokea mtu wa kumposa asingejua amjibu nini.

"Mama, mimi si mke, si mjane," alisema. "Nimekaa mlangoni miaka minne. Niambie niwe nini, nitakuwa."

Mama Uji akaona akimbilie wakubwa wa ukoo. Asubuhi, kabla ya kanisa, alimvuta pembeni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, kinyozi mwenye maneno mengi kuliko wembe wake. Alitegemea atamkemea yule mkwe. Kumbe shemeji alikuwa amekwisha kuambiwa, na wifi yake, dada wa marehemu, alikuwa amekwisha kuambiwa, na wote walikuwa wamekubali. Shemeji aliangalia viatu vyake akasema mficha maradhi kilio humuumbua, na asiyekuwepo na lake halipo. Mama Uji alitamani kumzaba kibao kwa hiyo methali ya pili. Wamekaa kikao, wamemjadili mwanawe kama maiti, na yeye mama yake ndiye wa mwisho kujua!

Kanisani hakusikia neno. Watu wanaimba, wanapeana mikono, watoto wamevaa nguo zinazonukia duka, na yeye amekaa kama mtu aliyesahau kitu motoni. Kumkataza mkwe hawezi. Zamu ya mtu ni zamu yake, na akishaanza hakatizwi. Kuondoka hawezi, wangemsimulia bila yeye, na hilo lingekuwa baya zaidi. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Padri alipofika kwenye baraka ya mwisho, ndipo Mama Uji alipokumbuka kwamba kuna mtu mmoja tu anayeamua zamu zinaishia wapi, na mtu huyo ni mwenye sufuria.

Nani mwenye sufuria? Yeye.

Alifika nyumbani hata viatu vya kanisa hakuvua. Miaka yote nyama ya Krismasi ilikatwa mapande makubwa yenye mifupa, yakachemka taratibu mpaka kila mtu amesimulia na akina fulani wamesimulia mara mbili. Safari hii aliikata vipande vidogo, vile vya wagonjwa wasio na meno. Akakwangua papai bichi akaipaka nyama yote, akaiacha ikae kidogo, maana hospitalini alikuwa amelainisha kwa papai nyama za ng'ombe waliokufa kwa uzee. Maji aliyachemsha kwanza pembeni. Majiko aliwasha mawili, mkaa wa moja akauhamishia kwenye lingine, akapepea mpaka cheche zikaruka. Wifi yake alichungulia akauliza kama mwaka huu wanakula au wanalishwa. Mama Uji akasema meno ya watu wazima yanahitaji kuhurumiwa.

Wakakaa uani, kwenye kivuli cha ukuta, viti vya plastiki vimezunguka jiko. Chiriku alikaa chini kwenye mkeka, magoti yamekumbatiwa, mdomo umefungwa kama kufuli. Siku hiyo moja katika mwaka ndiyo pekee aliyokuwa anakaa kimya, na watu walikuwa wanamtania kwamba hadithi za marehemu ndiyo dawa yake.

Wifi ndiye mkubwa, akaanza. Alimsimulia babu yao, mwanaume wa miraba minne aliyekuwa akiogopa jogoo. Simba hakumwogopa, polisi hakuwaogopa, lakini jogoo akiwika karibu naye anapanda juu ya meza. Siku alipokwenda kuposa, wakwe wakamletea jogoo mzima kama zawadi, akatoka kwa dirisha. Watu walicheka kama vile hawajakisikia kisa hicho kila mwaka. Mama Uji naye alicheka, kwa meno tu, huku mkono mmoja unapepea.

Shemeji akafuata, akamsimulia kaka yake, mume wa Mama Uji, aliyekuwa mrefu mpaka anagonga kichwa kila mlango anaoingia, kisha anasimama kuugombeza mlango kama anagombeza mtoto. Mwaka wowote mwingine Mama Uji angefurahi. Siku hiyo alifunua kifuniko, akachoma kipande kwa uma, akafunika. Bado kidogo. Mkwe alikuwa anamtazama. Nadhani alishaelewa, kwa sababu macho yake yalikwenda kwenye mkaa, yakaenda kwenye uma, yakarudi usoni kwa mama mkwe.

Zamu ya Mama Uji ikafika. Akamsimulia mama mkwe wake, mwenye desturi yenyewe, alivyosinzia kanisani siku ya Krismasi baada ya kupika usiku kucha, na padri alipopaza sauti akashtuka na kusema mbele ya waumini wote, "Ongeza chumvi!" Kisa chenyewe ni kifupi kama kidole gumba. Mama Uji alikirefusha. Akataja rangi ya kitenge, akataja nani alikaa wapi, akataja wimbo uliotangulia na wimbo uliofuata, akarudi nyuma kueleza usiku ule walipika nini na kuni zilitoka kwa nani. Shemeji akaanza kupiga miayo. Jasho lilikuwa linamtiririka Mama Uji mpaka kidevuni, na sauti ile inayofika wodi ya wazazi ilikuwa inatetemeka. Alipoona hana tena cha kuongeza, akachoma kipande kingine kwa uma. Kikagawanyika.

"Imeiva," akasema, akaikamata sufuria kwa pindo la khanga na kuitua chini.

Mkwe alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Akaufunga. Wifi akaanza kusema jamani, hata robo ya muda haijafika, lakini shemeji akamgusa goti. Sheria ni sheria, na sheria hiyo ilitungwa na mama yao wenyewe. Mkwe akainuka akaenda kuleta sahani, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Mama Uji akagawa nyama kwa upawa bila kumwangalia. Ameshinda. Mwanawe yuko hai mwaka mmoja zaidi.

Hapo ndipo Chiriku alipopata sauti yake. Alisema na yeye anacho kisa cha baba.

Bibi yake akamwambia sufuria imeshaepuliwa. Chiriku akasema kisa chake si cha sufuria, ni chake mwenyewe, huwa anajisimulia kitandani kabla ya usingizi. Kisha, kama kawaida ya Chiriku, hakungoja ruhusa.

"Baba yangu alikuwa mrefu, akiingia mlangoni anagonga kichwa, halafu anaugombeza mlango. Alikuwa anaogopa jogoo, anapanda juu ya meza. Miwani yake ilivunjika akaifunga kwa uzi wa cherehani, akawa anaona watu wawili wawili, anawasalimia wote. Siku moja alilala kanisani akasema ongeza chumvi. Na alikuwa ananipenda sana. Basi."

Wifi alianza kucheka, kicheko kikamkwama. Aliyeogopa jogoo ni babu yake. Mwenye miwani ya uzi ni mjomba aliyekufa zamani, Krismasi hiyo hata hakusimuliwa. Mrefu ni mume wa Mama Uji. Wa chumvi ni mama mkwe. Hilo la mwisho tu ndilo halikuwa la marehemu yeyote.

Mama Uji aliuliza, na sauti haikuwa yake, ni nani aliyemwambia mambo hayo.

"Hakuna," alisema Chiriku. "Nilichagua. Nyie kila mtu mna wenu. Nikachukua zile nzuri nikampa baba."

Jamani. Kuna maneno ambayo mtu akiyasema kwa kukutukana unaweza kuyavumilia, lakini yakisemwa na mtoto anayekuomba umuongezee mchuzi, yanakumaliza. Mkwe alifunika uso kwa viganja. Na Mama Uji akaona waziwazi kitu alichokifanya. Kule kwenye chumba baridi alikuwa anafunua mashuka kumtafuta mwanawe miongoni mwa watoto wa watu. Hapa nyumbani mjukuu wake alikuwa anafanya kazi hiyohiyo, anaokota vipande vya maiti za wengine amtengeneze baba. Na baba aliyemtengeneza hakufanana na yule wa kweli hata kidogo.

Hilo ndilo lililomshinda. Angevumilia mtoto asijue kitu. Lakini ajue uongo, akue nao, azeeke nao, siku moja awasimulie wanawe mtu ambaye hajawahi kuwepo? Akautua upawa. Akajua kabisa kwamba neno moja tu likitoka, limetoka, wala hakuna papai la kulilainisha.

"Baba yako hakuwa mrefu," akasema.

Shemeji alitua sahani yake chini.

Akaendelea, maana sasa angesimama vipi? Akasema alikuwa mfupi kuliko vijana wote wa mtaa, na jogoo hakumwogopa, alikuwa anawafuga. Akasema akiwa mkubwa kidogo tu kuliko Chiriku aliokota balbu za tochi zilizotupwa, akaziunganisha kwa waya, akataka kupamba dirisha usiku wa mkesha wa Krismasi. Alipochomeka kwenye umeme, mtaa mzima ukawa giza. Redio zikanyamaza, watu wakatoka nje na mishumaa wakimtafuta mchawi. Yeye akajificha kwenye pipa la maji, maji yamemfika kidevuni, mpaka baba yake akamtoa kwa sikio na kumpitisha nyumba hadi nyumba akiomba msamaha. Watu wakamhurumia kwa alivyoloana. Kila nyumba ikampa kitu mdomoni, akarudi tumbo limemvimba na bado anasema samahani.

"Na mimi nilikuwa namnyoa mtu ndevu," alisema shemeji polepole. "Nusu. Kesho yake alikwenda kanisani na nusu."

Wakacheka. Mama Uji naye alicheka, kicheko cha kweli kilichotoka tumboni, akacheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka, na akiwa hapo chini kicheko kikageuka. Akalia kwa sauti, bila kujificha, kama walivyolia wale wanawake waliofiwa aliokuwa anawasikia kupitia ukuta wa jiko la hospitali. Mkwe alikuja akakaa nyuma yake, akamshika mabega. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Nyama ilikuwa inapoa kwenye sahani.

Chiriku alingoja. Alikuwa analijua sharti la pili vizuri kama wote.

"Bibi," akauliza, "kwa hiyo baba amekufa?"

Wote wakamtazama Mama Uji. Wifi alikuwa anatikisa kichwa, sijui anamwambia aseme ndiyo au aseme hapana. Neno la miaka yote lilikuwa tayari mdomoni, yuko, neno fupi, lilikuwa limezoea njia. Alilitafuta, hakuliona. Na lile lingine lilimkataa.

"Sijui, mjukuu wangu," akasema. "Mimi bibi yako sijui."

Hakuwahi kulisema, si kwa shemeji, si kwa padri, si kwa yule mzee anayekohoa mlangoni. Mkwe alimkaza mabega. Chiriku alikunja uso. Kisha akauliza alikuwa mfupi kiasi gani, mfupi kama nani.

Mama Uji alijiinua. Alimvuta mkwe wake asimame, akamsogeza wima, akaangalia pembeni yake pale palipokuwa patupu. Akanyoosha kiganja, akakishusha kidogo, akakipandisha, mpaka kikafika mahali alipokuwa na hakika napo, sawasawa na sikio la mkwe.

"Hapa," akasema.

Chiriku akaja akasimama chini ya kiganja kile, akanyoosha shingo kutazama juu. Palikuwa na nafasi kubwa kati ya nywele zake na mkono wa bibi. Mama Uji hakuushusha.